Jinsi ya kutuma linki ya habari kwenye grupu ikasomwa, ikaaminika na kujibiwa: mwongozo kamili

Malalamiko ninayoletewa ni ya aina mbili. La kwanza: "Nimeweka habari nzuri ya teknolojia kwenye grupu, kimya. Mwenzangu kaweka video ya mbuzi anapanda bodaboda, grupu zima limeamka." La pili linauma zaidi: "Nimeweka habari, punde tu mtu akanijibu mbele ya wote kwamba ni ya mwaka juzi."

Nikiomba kuona kilichotumwa, karibu kila mara ni linki tupu, na juu yake "Someni hii" au vile viganja viwili vilivyounganishwa. Linki tupu inamtaka msomaji atumie bando lake na muda wake, kisha ajikisie mwenyewe kwa nini umemtumia. Wengi hawana subira hiyo. Halafu wapo walionunua bando la mitandao ya kijamii tu: WhatsApp inafunguka, ukurasa wa gazeti haufunguki. Hao watabaki na kichwa cha habari na picha, basi.

Kwa hiyo mwongozo huu wote unasimama juu ya jambo moja: andika kana kwamba hakuna atakayefungua linki, kisha weka linki kwa ajili ya yule anayetaka kukukagua.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni kukatika kwa kebo za baharini za EASSy na Seacom, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilipokuwa ya kusuasua Tanzania na majirani zake. Nimeuchagua kwa sababu una karibu mitego yote ambayo watu hunaswa nayo.

## Vitu unavyohitaji

- Kivinjari kamili, kama Chrome, Firefox au Safari. Kile kidirisha kinachofunguka ndani ya Facebook au Instagram mara nyingi huficha anwani kamili ya ukurasa, na anwani hiyo utaihitaji.
- Bando la kufungua ukurasa wenyewe, au Wi-Fi. Kama hukuweza kuifungua habari, bado huna cha kutuma.
- Programu ya kuandikia maelezo, yoyote ile iliyomo kwenye simu. Usiandikie rasimu kwenye kisanduku cha WhatsApp. Kidole kikiteleza, imeshaenda nusu.
- Robo saa. Ukizoea itashuka, lakini mara za mwanzo usiibane.

## Hatua ya 1: Amua unamtumia nani

Habari moja haifai magrupu yote. Ile ya kebo, kwenye grupu la wenye steshenari wanaojaza fomu za watu mtandaoni, ni habari ya kazi: leo wateja watapanga foleni na fomu hazitapita. Kwenye grupu la ukoo ni jibu la swali la shangazi, "Mbona simu yangu haifungui video?" Kwenye grupu la maandalizi ya harusi haina nafasi, hata kama ni kweli tupu.

Chagua grupu moja. Ukitaka kuipeleka la pili, utaiandika upya mstari unaowahusu watu wa huko. Kama huwezi kuujaza mstari huo, hiyo ni dalili kwamba grupu hilo si lake.

## Hatua ya 2: Ifungue, uisome mpaka chini

Najua unaona ni jambo la wazi. Basi jua kwamba utafiti wa 2016 wa Chuo Kikuu cha Columbia na taasisi ya Inria ya Ufaransa, ulioangalia linki za habari zilizosambazwa Twitter, ulikuta asilimia 59 yake hazikubofywa na mtu hata mmoja. Zilitumwa na kutumwa tena kwa kichwa cha habari peke yake.

Kichwa cha habari mara nyingi hakiandikwi na mwandishi wa habari ile. Huwekwa na mhariri, na kazi yake ni kukufanya ubofye. Maneno yanayopunguza makali, yaani "kwa baadhi ya mikoa", "ikiwa bunge litaridhia", "kwa mujibu wa kampuni yenyewe", hukaa aya ya nne au ya saba huko.

Soma ukitafuta majibu manne, na uyaandike pembeni:

1. Nani anasema?
2. Amejuaje?
3. Lini, na wapi hasa?
4. Kipi bado hakijajulikana kwa mujibu wa habari yenyewe?

Chukua ile ya kebo. Kichwa cha "Intaneti yakatika Afrika Mashariki" kinakufanya uone giza kuanzia Mtwara hadi Turkana. Ukiingia ndani unakuta kitu kingine. Shirika la NetBlocks, linalopima hali ya mtandao duniani, liliweka Tanzania na kisiwa cha Mayotte kwenye athari kubwa, Msumbiji na Malawi kwenye athari ya wastani. Nchi nyingine ziliguswa kidogo kwa sababu zilikuwa na njia nyingine za kupitishia data. Mtu wa Nairobi na mtu wa Dodoma walikuwa na asubuhi mbili tofauti kabisa, na kichwa kimoja kilikuwa kinawasemea wote.

Tahadhari. Usimpe ChatGPT au programu nyingine ya akili unde linki ikusomee, kisha ukanakili muhtasari wake. Programu ikishindwa kuufungua ukurasa, inaweza kukutungia muhtasari kutokana na maneno yaliyomo kwenye anwani tu, na ukasomeka vizuri kweli. Ukitaka msaada wake, bandika maandishi yenyewe, na bado uyasome kwanza wewe.

Utajuaje umefaulu? Funga ukurasa. Mwambie aliye karibu nawe habari hiyo kwa sentensi mbili. Ukianza kusema "yaani kuna kitu kama...", rudi ukasome.

## Hatua ya 3: Kagua tarehe, kisha uikague tena

Hapa ndipo wengi wanapoaibika, na kosa si lao peke yao. Kile kikadi kinachojitokeza na linki kwenye WhatsApp huonyesha kichwa, picha na jina la tovuti. Tarehe hakionyeshi. Habari ya miaka mitano iliyopita na ya leo asubuhi zinafanana kama pacha.

Tafuta tarehe chini ya kichwa, karibu na jina la mwandishi. Ukiona tarehe mbili, ya kuchapishwa na ya kuhuishwa, shika zote. Kisha angalia mambo haya.

Mpangilio wa tarehe. Tovuti za Marekani hutanguliza mwezi. 5/12/2024 kwao ni tarehe 12 Mei. Kwetu ni tarehe 5 Desemba. Umeshaisogeza habari karibu miezi saba kwa kusoma tu. Kwenye ujumbe wako andika mwezi kwa jina, kila mara.

Saa. Taarifa za kiufundi, kama grafu za Cloudflare Radar zinazoonyesha hali ya intaneti, hutumia saa za UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda ongeza tatu: 07:30 UTC ni 10:30 kwetu, yaani saa nne na nusu asubuhi. Mliopo Bujumbura, Kigali na Lubumbashi mnaongeza mbili. Wa Muscat wanaongeza nne. Kwenye grupu lenye ndugu wa nje, andika "saa nne na nusu asubuhi, saa za Dar" ili mtu asipishane na mkutano au uzinduzi unaorushwa moja kwa moja.

Matukio mapacha. Februari 2024 kebo tatu ziliharibika katika Bahari ya Shamu, mojawapo ikiwa ya Seacom. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye nanga ya meli Rubymar, iliyokuwa imeshambuliwa na wapiganaji wa Kihouthi wa Yemen ikabaki inaelea. Mei ya mwaka huohuo ikawa Seacom tena, safari hii pamoja na EASSy, lakini upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, maelfu ya kilomita kutoka huko. Ukitafuta "Seacom kebo kukatika" unaletewa yote mawili kwa pamoja. Aliyechukua linki ya Bahari ya Shamu akaiweka kwenye grupu mwezi Mei alikuwa na habari ya kweli, kutoka chombo cha kweli, na bado aliwadanganya wenzake kwamba vita ndiyo imewakatia mtandao.

Habari iliyopitwa. Hii ni ngumu zaidi kwa sababu linki haina kosa lolote. Kenya, Mei 2024, gumzo lilikuwa kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, iliyomo ndani ya Muswada wa Fedha. Tarehe 18 Juni kamati ya bunge ikatangaza kuiondoa. Tarehe 25 bunge likapitisha muswada huku vijana wakiwa barabarani, na tarehe 26 Rais Ruto akakataa kuutia saini. Mtu aliyetuma makala ya Mei ilipofika tarehe 20 Juni alikuwa anawakasirisha watu kwa kodi iliyokwisha kuondolewa.

Dawa yake ni fupi: kabla ya kutuma, tafuta jina la jambo lenyewe na upange matokeo kwa mapya kwanza. Soma vichwa vya siku tatu za karibuni. Kama kuna kilichobadilika, tuma kipya.

## Hatua ya 4: Tafuta aliyesema wa kwanza

Tovuti kumi zikiandika jambo moja, usihesabu ushahidi kumi. Angalia aya za mwanzo: zote zinasema "kwa mujibu wa Reuters"? Basi chanzo ni kimoja. Mfuate huyo, na ukiweza umfuate hata yule aliyemwambia Reuters.

Kwa habari za kampuni, chanzo ni taarifa ya kampuni. Kwa sheria, ni waraka wa bunge au gazeti la serikali. Kwa "wanasayansi wamegundua", ni andiko la utafiti wenyewe, na hapo angalia limetoka wapi: likiwa kwenye arXiv, hazina ya mtandaoni ya maandiko ya utafiti, ni rasimu ambayo wataalamu wengine bado hawajaipitia, na hilo linapaswa kusemwa kwenye ujumbe wako.

Kwa siasa, tofautisha muswada na sheria. Muswada uliosomwa mara ya kwanza haujamzuia mtu kitu chochote. Nimeona magrupu yakigombana usiku kucha juu ya "sheria mpya" ambayo ilikuwa bado haijajadiliwa hata na kamati.

Sasa isome anwani ya tovuti. Nenda mpaka mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina, kisha usome kurudi nyuma, kulia kwenda kushoto. Tuseme umeletewa hii:

benkiyako.co.tz.zawadi.example/pokea

Jicho linaona "benkiyako.co.tz" na kutulia. Lakini kabla ya mkwaju kuna "zawadi.example". Huyo ndiye mwenye tovuti. Hayo ya mbele amejiandikia mwenyewe kama mapambo. Tovuti halisi za serikali huishia .go.tz Tanzania na .go.ke Kenya, hapohapo kabla ya mkwaju. Neno "go.tz" likiwa katikati halina maana yoyote.

Picha inayotia shaka iweke kwenye Google Lens uone ilianza kuonekana lini. Madai mazito yapeleke kwanza kwa wanaokagua ukweli, kama Africa Check au PesaCheck. Mara nyingi unakuta wameshayashughulikia. Na ujumbe ulioletwa na alama ya mishale miwili kwenye WhatsApp umeshapitishwa kutoka mkono hadi mkono angalau mara tano. Alama hiyo haisemi kwamba ni uongo. Inasema tu kwamba aliyekuletea siye aliyeuandika, na huenda hata hamjui aliyeuandika.

Onyo la kisheria, kwa ufupi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya ina ya kwake ya 2018. Zote mbili zilitungwa zikiwa na vifungu kuhusu kuchapisha taarifa za uongo. "Mimi nimeforwadi tu" si kinga ya kuitegemea.

## Hatua ya 5: Safisha linki na uiwekee akiba

Linki nyingi huja na mkia:

gazeti.example/teknolojia/kebo-za-baharini?utm_source=whatsapp&fbclid=IwAR0x

Kuanzia alama ya kuuliza na kuendelea, hayo ni ya kumwambia mwenye tovuti umetokea wapi. Maneno ya kutafuta ni utm_, fbclid, gclid, igsh na, kwa YouTube, si=. Yafute. Linki fupi inaonekana safi, na hubebi alama za akaunti yako kuwapelekea watu wengine.

Lakini usikate kila kinachofuata alama ya kuuliza. Kwenye YouTube, v= ndiyo video yenyewe. Na t= ni rafiki yako: t=754 inampeleka mtazamaji moja kwa moja dakika ya 12 na sekunde 34. Ukituma mkutano wa saa mbili bila t=, umetuma adhabu. Ukimaliza kukata, ifungue linki kwenye dirisha la faragha. Ikifunguka ukurasa uleule, umefaulu.

Chrome ina kitu kingine kizuri: bonyeza na ushikilie sentensi unayoitaka kwenye ukurasa, kisha uisambaze. Unapata linki yenye #:~:text= ambayo humfikisha msomaji kwenye sentensi hiyo, ikiwa imepakwa rangi. Itakufaa sana siku mtu akibisha.

Halafu akiba. Nenda web.archive.org, bandika linki kwenye sehemu ya kuhifadhi ukurasa, subiri ikupe anwani mpya. Taasisi ya Pew ya Marekani ilitoa ripoti 2024 ikionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo 2013 zilikuwa hazifunguki tena miaka kumi baadaye. Za kwetu nazo hupotea, na nyingine hubadilishwa kimyakimya. Kwenye anwani ya akiba utaona tarakimu kama 20240513081500: mwaka, mwezi, siku, kisha saa kwa UTC. Hizo zinaonyesha ukurasa ulivyosomeka siku ile uliyoutuma.

Kama habari imefungwa mpaka mtu alipie, sema hivyo wazi, nukuu sentensi moja au mbili, na utafute chombo kingine kilichoiandika bure. Usibandike makala nzima. Ni kazi ya mtu ile.

## Hatua ya 6: Andika

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kwanza mfano wa kila siku:

> Jamani!!! Mtandao ndo basi tena, vita imetufikia. Someni wenyewe

Sasa huu hapa, ulioandikwa Jumatatu tarehe 13 Mei kwa ajili ya lile grupu la wenye steshenari:

> \*Kebo mbili za baharini zimekatika, Jumapili 12 Mei\*
>
> EASSy na Seacom zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. NetBlocks, wanaopima mtandao, wanasema Tanzania na Mayotte ndizo zilizoathirika zaidi. Habari haitaji kilichozikata.
>
> Kwetu wenye steshenari: maombi ya mtandaoni yafanyeni alfajiri, watumiaji wakiwa wachache, na msichukue hela ya mteja kabla fomu haijapita.
>
> Maoni yangu: kebo kukatika ni kawaida ya bahari. Kinachonitisha ni mbili zinazopita njia moja kukatika siku moja.
>
> Swali: kuna aliye na faiba anayeona tofauti na sisi wa mtandao wa simu?
>
> (linki)

Angalia kila mstari unafanya nini.

Wa kwanza ni habari, si mshtuko. Nimeuwekea nyota pande zote mbili ili WhatsApp iukoleze. Siku na tarehe zimo humo humo, maana mtu akiunakili ujumbe huu wiki ijayo, tarehe inakwenda nao.

Aya ya pili inasema nani kasema na kajuaje, halafu inasema habari *haitaji* nini. Sentensi hiyo fupi, "Habari haitaji kilichozikata", ndiyo inayomnyamazisha yule wa "vita imetufikia" kabla hajaanza. Kebo za baharini hupata hitilafu kati ya 150 na 200 kila mwaka duniani, na nyingi ni nanga za meli na nyavu za wavuvi. Hilo la hujuma ni la kuthibitishwa, si la kuanzia.

Aya ya tatu ndiyo inayofanya watu wasome ujumbe wako unaofuata. Wengi huiruka kwa sababu inataka kuwajua watu wa grupu. Habari kubwa ya dunia bila mstari huu hubaki kuwa kelele za mbali.

Ya nne ina lebo. "Maoni yangu." Bila lebo hiyo, keshokutwa utasikia maoni yako yakinukuliwa kama taarifa ya NetBlocks. Kaa upande mmoja, kwa sentensi moja au mbili. Maoni ya "kuna faida na hasara" hayajibiki.

Swali la mwisho liwe la kitu ambacho mtu amekiona kwa macho yake. "Mnaonaje?" halijibiwi na mtu kwa sababu linataka insha. "Nani ana faiba?" linajibiwa kwa neno moja, na baada ya neno hilo mazungumzo yameshaanza.

Maneno machache ya kuangalia unapoandika:

- *Inasemekana* humficha msemaji. Mtaje. Kama humjui, rudi hatua ya 4.
- *Imetangaza, imependekeza, inafikiria, inadaiwa*: hizi hazibadilishani. Kampuni "inayofikiria" kufungua ofisi Nairobi haijafungua kitu.
- *Mbps* si megabaiti. Kasi ya Mbps 40 inashusha megabaiti 5 kwa sekunde, maana baiti moja ni biti nane.
- Dola ukizigeuza kuwa shilingi, andika "takriban" na tarehe ya kiwango ulichotumia.

Ujumbe ukizidi sana, WhatsApp inaukata na kumtaka msomaji abonyeze asome zaidi. Hakikisha mistari miwili ya mwanzo inajitosheleza hata kama hatabonyeza.

Utajuaje umefaulu? Ifiche linki kwa kidole. Usome ujumbe kama mtu asiye na bando. Je, umejua kilichotokea, lini, nani kasema, na umejua mahali ambapo habari inaishia na mwandishi wa ujumbe anaanzia? Basi tuma.

## Hatua ya 7: Tuma, na ubaki hapo

Bandika maandishi, linki mwisho, subiri kikadi kijitokeze ndipo ubonyeze kutuma. Ukiharakisha, linki huenda bila kikadi na inaonekana kama ya matapeli. Tuma linki moja. Tatu kwa mpigo zinauana zenyewe.

Usitume kisha ukaweka simu chaji. Maswali ya mwanzo huja mapema, na ukimya wako unasomeka kama hujasoma ulichotuma. Mtu akibisha, usimwambie "soma linki". Mnukulie aya inayojibu, au mpe ile linki yenye sentensi iliyopakwa rangi. Akileta chanzo kizuri kuliko chako, mshukuru mbele ya wote na umwombe akiweke.

Kama kimya kimetawala, usiitume tena wala usiandike "Mbona hamjibu?" Angalia mstari wa "Kwetu" na lile swali. Mara nyingi tatizo liko hapo.

## Hatua ya 8: Kusahihisha, wewe na wenzako

WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15. Itumie kwa herufi iliyoruka au tarehe iliyokosewa. Kosa la maana zaidi, hata kama dakika hazijaisha, lisahihishe kwa ujumbe mpya unaoujibu ule wa zamani, ili walioondoka nalo walione:

> Marekebisho: nilisema Seacom imekatika Bahari ya Shamu. Hilo ni la Februari. La juzi ni kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mliopeleka kwingine, pelekeni na hii.

Kufuta kimyakimya hakusaidii, waliosoma wameshasoma.

Kumsahihisha mwingine ni kazi nyororo zaidi, hasa akiwa mkubwa wako. Tuseme mama mkubwa ameweka kwenye grupu la ukoo linki ya "bando la bure GB 50, sambaza kwa watu kumi". Ukimjibu palepale "Hii ni utapeli", umemvua nguo mbele ya wakwe. Mfuate inboksi:

> Shikamoo mama mkubwa. Ile linki ya bando uliyotuwekea nimeiangalia. Tovuti yake si ya kampuni ya simu, na inaomba namba ya siri. Naomba uifute kwa wote; nitawaambia wengine wasiijaze, bila kutaja imetoka kwa nani.

Huwa wanajibu vizuri:

> Marahaba mwanangu. Na mimi nililetewa na mwenzangu wa kwaya. Nafutaje?

Mwelekeze: abonyeze ujumbe na kuushikilia, achague alama ya pipa, kisha kufuta kwa wote. Nafasi hiyo ipo kwa siku mbili na nusu hivi tangu alipotuma. Zikipita, au simu ikimshinda, mwombe adimini. Anaweza kuufuta ujumbe wa yeyote kwenye grupu. Na muulize mama mkubwa, kwa upole, kama alishaijaza. Kama ndiyo, abadilishe namba ya siri kwanza, kisha apige simu huduma kwa wateja wa mtandao wake. Habari za grupu zitasubiri.